Kauli ya Kutendwa

Miaka kumi na tisa nilifundisha Kiswahili Tororo,
vumbi la chaki kidoleni, vumbi la saruji dirishani:
penda, pendea, pendana, pendwa.
Semeni pamoja. Semeni tena.
Nje malori ya Malaba yakipiga honi.
"Katika kutendwa," niliandika ubaoni,
"mtenda hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa."
Nikapiga mstari. Nikafuta. Nikaenda zangu nyumbani.

Sasa naitwa Sista, na nimepangiwa jiko la hostia
pamoja na Sista Nyachwo, ambaye darasa la pili hakulimaliza,
anayemwita Mungu Were, kama alivyomwita mama yake.
Unga wa ngano, maji, basi.
Chuma kinafumba, kinatoa mvuke, kinafumbua:
mkate bapa, mkavu hivi kwamba
ukikohoa karibu nao unapasuka.
Siku hiyo haukatwi. Lazima ulale.
Tunaupanga kwenye rafu za waya,
chini yake beseni la maji,
mlango tunaurudisha.
Usiku ndio unaofanya kazi.

Januari hiyo jua lililipasua hata lile jiwe la mjini.
Parokia saba zinangoja hostia,
na mimi, mtu wa ratiba,
nikaingia kwa siri na chupa, nikainyunyizia mikate.
Alfajiri ilikuwa imejikunja kama majani ya tumbaku.
Kuku wakala kazi ya siku mbili.
Nyachwo alicheka mpaka akashika kiuno.
"Mwalimu! Mkate utaulowesha wewe?
Mkate unaloweshwa."

Hakujua ametoa mfano sahihi.

Na kanisani ndivyo nilivyokuwa:
naingia na orodha, nia arobaini na mbili,
Obbo, mtoto wa dada yangu, yuko rumande,
baba, ambaye kumsamehe nimekuahirisha hadi kaburi likaota nyasi,
goti langu la kushoto.
Namsomea Mungu mahudhurio. Sema. Sema tena.
Naye kama mtoto wa dawati la nyuma
ananitazama tu.

Halafu maneno yakakauka.
Sikuyaacha mimi, msinisifu,
yaliniacha, moja moja, kama wageni wa matanga.
Nikamwambia Mama Mkuu: siwezi tena kusali.
Akasema: "Vizuri. Ila pampu haijisukumi.
Anayemngoja Mungu amngoje akimenya viazi."
Basi nikamenya. Kisu kilikwenda,
maganda yakaanguka,
na mahali fulani nyuma ya mikono yangu
palikuwa na mtu amekaa, hana haraka,
hata mimi sikumfahamu.

Kuna kitenzi wanafunzi walikicheka kila mwaka:
ja, jia, jiwa.
"Mwalimu, nani husema *nimejiwa*?"
Hakuna, niliwajibu. Ni cha mtihani tu.

Usiku wa mvua ya kwanza umeme ulikatika.
Nilikaa kwenye benchi la nyuma bila orodha,
bila hata kutaka kutokuwa na orodha.
Mabati yakaanza, tone, tone, kisha yote kwa pamoja.
Nje bustani ilikuwa inanyeshewa
na haikufanya lolote ili inyeshewe.
Ilikuwepo.

Nilijiwa.
Mtenda simtaji.
Kama mtaniuliza ilikuwa nini, sijui;
haikuwa sauti, haikuwa nuru, goti liliuma vile vile,
Obbo alilala ndani vile vile.
Ni kwamba sikuwa na nguvu ya kusahihisha kitu,
wala hapakuwa na kosa.

Asubuhi Nyachwo alisukuma mlango wa chumba cha rafu.
Harufu ya udongo ilikuwa imefika hata humo.
Akabonyeza mkate wa juu kwa kidole gumba,
ukakunjika, haukulia.
"Umekubali," akasema.

*U* ya mkate, au *u* yangu?
Sikumuuliza.
Nilimpa kisu cha duara, tukaanza kukata.