Mwandishi wa Orodha

Ziwa lilipopanda lilipitia nyuma, kwenye majaruba,
likaukalia mpunga uliokwisha kuchanua.
Asubuhi mbuzi walisimama ukingoni
wakitazama mahali walipozoea kufukuzwa.

Mimi ndiye niliyeandika majina.
Nilipewa daftari, kalamu mbili za wilaya,
na agizo: kila ekari iliyozama ipimwe.
Haya, pima wewe ekari iliyo chini ya maji.
Tuliingia na kamba ya katani, mimi na Kulwa Ndaki,
yeye mbele kwa urefu wake, maji kifuani,
mimi nyuma, maji kidevuni, daftari kichwani.
Anapaza sauti: "Hapa ni kwa nani?"
Watu ukingoni wanaelekeza kwa vidole:
"Hapo kwa Sayi. Rudi kidogo.
Hapo umeshaingia kwa Mabula, na Mabula hapendi."
Tukacheka wote, hata Mabula.
Kambale akanipita katikati ya miguu
akielekea kwenye dengu za mjomba wangu.

Fomu ilikuwa na visanduku vya zao, ukubwa, thamani.
Mzee Ngelela aliniomba niandike kaburi la mkewe.
Nikamwambia, mzee, kaburi si zao.
Akanyamaza. Akakuna goti.
"Basi andika mihogo."
Nikaandika mihogo, robo ekari.

Miezi saba.
Michembe iliisha, tukala deni la dukani,
tukasikia redioni kwamba tumekwisha kusaidiwa.

Halafu Ijumaa moja simu zikaanza kulia,
ya huku ikalia, ya kule ikaitikia,
kama vyura wa mvua ya kwanza.
Elfu tisini na nne.
Elfu hamsini na moja na mia tano.
Ngelela, kwa mihogo yake, elfu kumi na mbili:
alinunua saruji nusu mfuko, hakusema ya nini.
Saa nne asubuhi wakala aliishiwa noti,
akawa analipa kwa sukari na sabuni ya mche.

Simu ya Ng'washi Luhende haikulia.
Ekari tatu, zote majini, nilizipima mwenyewe.
Alikuja kwangu na simu ndani ya mfuko wa nailoni,
akaiweka mezani kama mtoto mgonjwa.
Nikafungua daftari. Mwandiko wangu: Ngwashi.
Kitambulisho: Ng'washi.
Nilisahau alama ile, ndogo kuliko punje ya mtama,
inayokaa juu, kati ya g na w,
na mashine ya huko mjini haikumjua mtu huyu.

Mabula, ambaye shamba lake lilizama nusu tu,
alilipwa lote. Pale Kulwa alijikwaa,
kamba ikalegea, nami nikaandika mbili.
Hili sijamwambia mtu.
Nadhani Mabula analijua,
maana usiku alimpelekea Ng'washi elfu ishirini
na Ng'washi akazirudisha kabla hakujapambazuka:
"Hizi zimekuja kwa jina lako. Zangu zina langu."

Nimeandika barua tatu.
Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili walisema tumepokea.
Ya tatu imerudi na muhuri wa bluu
uliogongwa juu ya jina lake, sawasawa.

Jana alikuja tena, miguu ina tope hadi magotini.
Maji yamerudi nyuma hatua arobaini, alisema,
yameacha magugu na kandambili moja ya mtu asiyejulikana,
na yeye amekwisha kupanda marando ya viazi pale penye unyevu.
Hakuuliza habari za barua.
Alitaka niandike jina lake kwenye karatasi nyeupe.
Nikaandika polepole, herufi kubwa, nikaweka alama.
Akaisogeza karatasi dirishani, akaikagua.

"Ikoleze," alisema. "Bado inaonekana kama uchafu wa nzi."