Safu ya Saba

Kitangari, Jumatatu. Msimu wa korosho umebisha hodi,
mabibo ya kwanza yanaoza barabarani, nzi wameshajua.
Ofisi ya kata inaandikisha mgambo wa kulinda ghala.
Mimi ndiye mwenye daftari. Wino wangu wa zambarau,
rula yangu imekatikia kwenye sentimita ya ishirini na sita.

Safu ni sita: jina, umri, urefu,
kifua kikivutwa pumzi, nyayo, picha mbili.
Aliyepita apewe kitambulisho na rungu
na sauti ya kusema "simama hapo".

Mama Nachilongo, anayetuuzia ming'oko hapo nje,
kila miezi sita hupeleka choo chake maabara
ndani ya kiberiti, amekifunga kwenye pindo la kanga,
ndipo aruhusiwe kumpa mtu sahani.
Na mzani wa chama cha msingi, chuma kisicho na hasira,
kila msimu huja mtu kutoka Mtwara na mawe yake,
akaukagua, akaupiga lakiri.
Bila lakiri haupimi hata kibaba.

Mkono wa Hokororo nani aliupima?

Ameketi mbele yangu, shati limenyooka kwa pasi ya mkaa.
Ametoka Liwale, anasema, amehamia kwa shemeji.
Urefu unatosha. Kifua kinatosha.
Hanijui. Si mimi niliyesimamishwa usiku ule
kizuizini, na pikipiki, na gunia moja;
alikuwa mdogo wangu Chande,
ambaye leo hushika kijiko kwa mkono wa kushoto
na mama humwambia ageuke, wageni wasione.
Aliitwa kangomba. Gunia lilikuwa la bibi,
korosho za mikorosho minne nyuma ya nyumba.

Liwale walimvua beji, hilo nalijua.
Barua ilisomwa, watu wakapiga makofi,
kisha barua ikalala kwenye faili,
na faili halina nauli.
Yeye alikuwa nayo.

Mtendaji ananiinamia: "Andika, dada, foleni ndefu."
Sheria ni karatasi niliyopewa,
na karatasi ina safu sita.

Nikaweka rula. Ikafika ilipokatikia, nikaisogeza,
nikaendeleza mstari. Umepinda kidogo, lakini ni mstari.
Safu ya saba. Juu yake: *Ulikotoka, uliachaje kazi?*

"Hii ya nani?" akauliza.
Ya wote, nikasema. Naanza na wewe.

Akaishika kalamu muda mrefu,
mpaka wa nyuma yake wakaanza kukohoa.
Kisha akairudisha mezani, taratibu, kwa adabu:
"Kalamu hii haiandiki."

Nikaijaribu kiganjani mwangu.
Iliandika.