Sehemu ya Kumi na Moja

Kimeanza saa tatu usiku, baada ya tangazo la dawa ya viungo
(ninayo, haisaidii).
Mimi na chai yangu, Wendell na rimoti yake,
mume asiyemkatiza hakimu wa runinga hata siku moja,
ila mimi hunikatiza.

Basi niseme nilichokiona.

Meli ni nzuri, sikatai.
Wameipiga picha alfajiri, bandari ya Norfolk inang'aa kama bati jipya.
Sisi tunaoishi hapa tunajua
alfajiri yetu ina rangi ya maji yaliyokwisha osha vyombo.

Wakili ni Luteni Kamanda, taya kama patasi,
vifungo vinameta hadi vinamsemea.
Anapiga meza. Anazunguka. Anamwinamia shahidi
unaweza kuhesabu magego.
Miaka ishirini na sita nilikaa katika chumba kile,
karani wa mahakama ya kijeshi, vidole juu ya mashine,
na sikumwona wakili akizunguka.
Husimama alipo, hutafuta ukurasa,
husema, "Uniwie radhi, Mheshimiwa," hutafuta tena.
Haki nyingi nilizoziandika
zilichelewa kwa karatasi kugandamana.

Na kesi yenyewe? Kijana wa miaka kumi na tisa ameacha lindo.
Dakika ya thelathini na nane mlango unafunguka,
shahidi wa siri huyo, kalowa mvua chapachapa!
Wendell akajipiga paja.
Mimi chai ikanipalia kwa kicheko.
Hakuna shahidi aingiaye hivyo, Wendell.
Huwa wako kwenye korido tangu saa mbili asubuhi,
wanaulizana choo kiko wapi.

Hana hatia. Saluti. Bendera.
Ningewapa alama nne kwa kumi, nikalale.

Lakini kabla ya hukumu yule kijana,
mwigizaji ambaye jina lake lilipita mbio mwishoni,
Darrow, au Darrell, miwani yangu ilikuwa jikoni,
aliambiwa asimame, akasimama na kofia yake
na hakujua aiweke wapi.
Mezani? Kwapani?
Akaigeuza, akaigeuza, akichungulia ndani
kama anayetafuta jina lake kwenye utepe.

Nani alimfundisha?

Maana nilimwona Baharia Curtis Lavoie, mwezi wa Machi,
mwaka ule bomba la joto lilipokuwa likigonga ukutani
kama mgeni asiye na adabu.
Alisinzia lindoni. Dakika kumi na moja.
Baba yake alikuja kwa basi kutoka Toledo,
suti ya mazishini, akaketi safu ya nyuma
na mkate wa nyama katika mfuko wa karatasi,
wa mwanawe, endapo wangemruhusu.
Hakimu akauliza: una la kusema kabla ya adhabu?
Kofia ikazunguka.
Nikangoja, vidole hewani.
Kofia ikazunguka.
Kisha nikaandika kama tulivyofunzwa kuandika:
hakuna jibu lililosikika.
Maneno matatu. Mafuta ya mkate
yalikuwa yameshatoboa mfuko.

Kwenye runinga, papo hapo, walitia fidla.
Hilo ndilo ninalowalaumu; mvua nimeisamehe, na taya pia.
Kimya kilikuwa mkononi mwao, hakina gharama,
wakakitandikia fidla
kama mtu afunikaye kisima kwa busati.

Kwa hiyo nne, ongeza tatu za kofia, toa moja ya fidla.
Sita.
Wendell anasema sita ni nyingi,
hata mtu mmoja hakutupwa baharini.

Wiki ijayo kuna admirali mwenye siri. Atazame yeye.
Mimi nangoja marudio ya Jumapili, dakika ile ya mwisho tu,
na miwani nimeshaitoa jikoni,
nisome jina la yule kijana.