Vijiti Arobaini na Kimoja

Kabla jua halijatoka, Mwambani,
nimewahesabu kwa kidole, kisha kwa kalamu,
kisha nikaihesabu migongo, wameinama wakisukuma:
mitumbwi arobaini na mmoja,
kila mtumbwi na mtu wake, kafi lake, namba yake.

"Jaketi linanikaba," akasema mmoja.
Mwingine: "Shangazi, mimi nimezaliwa majini."
Nikamjibu, maji hayakumbuki uzazi.
Funga.

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mkonge,
nasimama penye mizani, mizigo inapita,
vijiti vinne daftarini, cha tano kinavikata kiunoni.
Mzigo ukipotea, mshahara wangu ulitafunwa.
Leo sijui kosa langu litatafuna nini.

Shebe yuko kwenye usukani wa boti.
Tuna kamba, kipenga, kata ya kukumba maji,
mablanketi mawili ya kuazima, na chupa ya chai
ambayo Shebe ameshaifungua mara tatu.
Amri ni moja, niliirudia hadi sauti ikakauka:
anayeacha njiani aje aniambie.
Hata kwa aibu. Hata kwa kunitukana.

Mbele ya Tongoni mkondo ukawavuta nje.
Namba tisa alipinduka; tulimnyanyua kwa makwapa,
akatapika mapajani mwangu, akaomba radhi
kama mgeni aliyemwaga mchuzi.
Namba thelathini misuli ilimkaza, akalia, akakataa kamba,
tukamfuata taratibu
bila kumtazama sana.

Saa tisa alasiri, Pangani: ngoma, vumbi,
mshindi yuko mabegani mwa watu.
Mimi nimeinamia daftari.
Arobaini.
Nikahesabu tena, kutoka chini kwenda juu.
Arobaini.

"Twende," nikamwambia Shebe. Aliiacha chai.

Hamjui bahari inavyojaa vichwa
unapotafuta kimoja.
Kifuu kilikuwa kichwa. Kandambili ilikuwa kichwa.
Shebe akazima injini ili tusikilize,
nami nikaita, "Ishirini na saba! Ishirini na sabaa!"
kwa kuwa jina lake sikuwa nalo,
na katikati ya kuita nikaona haya,
mtu kumwita kama mzigo.

Kigombe, mtoto akatupungia fulana.
Mtumbwi umelazwa kando ya nyavu, umepanguswa vizuri.
Mwenyewe akatoka kwa mama yake mdogo, mdomo umejaa muhogo.
"Naitwa Singano," akasema kabla sijauliza.
"Mkono ulichoka. Nikaona, mimi nilikuwa wa mwisho,
nani atanihesabu?"

Matusi niliyoyapanga njia nzima, sikuyaona yalikokwenda.
Shebe alikohoa, akageuka kutazama nyavu za watu.
Nikalifungua daftari juu ya goti:
mafungu manane, yote yamekatwa kiunoni,
na pembeni nafasi.
Nikakichora kijiti chake, kimesimama peke yake, hakina cha kuegemea,
nikakandamiza mpaka kikatokea ukurasa wa pili.

"Singano wa nani?" nikauliza,
kalamu bado iko chini.