Sikio la Kulia

Baba alinifunza kuketi kushoto kwake.
Upande wa kulia hakuna aliyeongea naye:
sikio lile lilikwisha kufunga, limejikunja
kama ngumi ya mtoto mchanga usingizini,
kazi ya skramu elfu mbili, au tatu, nani alihesabu,
vichwa vya wanaume wa Yorkshire na Lancashire
vikilisaga kila Jumamosi, Septemba hadi Aprili.

Hiram Oldroyd. Ratili mia mbili na tatu, hajala.
Asubuhi alichimba makaa,
alasiri yuko uwanjani Thornroyd
na weusi wa mgodi bado kwenye pembe za macho.
Waungwana wa kusini walisema mpira huchezwa kwa mapenzi,
anayelipwa si muungwana.
Mama akasema mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.
Basi akalipwa: shilingi sita wakishindwa, kumi wakishinda.
Mama alizidondosha kwenye kopo la majani ya chai
na sisi watoto, kitandani,
tukajua matokeo kwa mlio.

Miaka kumi na minne, trai saba.
Nazijua zote. Ya tatu alianguka tu,
mpira ukawa chini yake kwa bahati,
na watu tisa juu yake.
Trai ni za mawinga, alisema, wenye nywele zilizochanwa.
Mimi nasukuma.

Ikaja 1906.
Wakubwa wa Muungano wa Kaskazini wakaketi,
wakaona wachezaji kumi na watano ni wengi mno,
mtazamaji anataka mbio, hataki lundo la migongo.
Wakafuta wawili. Kwa kalamu.
Wote wawili watu wa mbele.

Wa kwanza hakutusumbua: Clem Fearnley
alikuwa na bucha, na goti bovu.
Wa pili ilikuwa lazima awe baba
au Wilf Sugden.

Watu husema bega kwa bega, wakapita.
Wale wawili walikuwa na kovu la bega kwa bega,
ngozi imesuguka palepale, miaka minane,
Wilf kulia daima,
Wilf akimnong'oneza sikioni, kabla halijaziba:
sasa, Hiram. Sukuma.

Kamati ilimwita baba Alhamisi usiku.
Hakusema asante. Hakusema hapana.
Alirudi akala viazi vilivyopoa,
na Jumamosi kopo liliposema kumi
mama alilifunika upesi.

Walishuka mgodini kwa njia moja,
mmoja ukingo huu wa barabara, mwenzake ule.
Baba alicheza miaka sita zaidi.
Mtulinga ukavunjika, ukaunga vibaya,
akawa anavaa koti kama mtu anayeingia mlango mwembamba.

Mechi ya kumuaga ilinyeshewa mvua ya mawe.
Watu mia tatu, ndoo ikazungushwa.
Paundi kumi na tisa, peni nne,
na kifungo cha koti.
Mgomo ulikuwa umekausha mifuko mwaka ule;
mtu asiye na kitu hutupa kifungo
ili ndoo ilie, jirani asigeuke.
Mama alikigeuzageuza chini ya taa.
Cha pembe, uzi wa kijani bado umo matunduni.
"Uzi huu ni wangu," alisema.
"Nilimshonea Wilf, siku ya fainali ile ya Halifax."

Baba alikitia mfuko wa fulana. Hakuvuka barabara.
Nimemlaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Majira yake ya baridi ya mwisho, karibu na moto,
nilimwona akigeuza uso kwenye kiti kitupu,
upande wa kulia, midomo ikienda,
kidole kikisugua kitu mfukoni.
Alikuwa akimjibu mtu.
Nami nilikuwa nimeketi kushoto, kama nilivyofunzwa,
wala sikusikia.