Mdomo wa Kukodi

Leicester, saa tatu na robo asubuhi,
mvua ya mawe inagonga dirisha la kliniki.
Nalipwa kwa saa niwe mdomo wa mtu.
Kanuni ni moja: kila kisemwacho nikivushe,
nisipunguze, nisitie chumvi,
nisiwe na langu.

Zamda amelala kitini, miguu juu kuliko kichwa,
koti la kiwanda cha sandwichi bado mwilini.
Gego lake la chini liling'olewa mwaka juzi;
tangu hapo anatafuna upande mmoja,
kama mjane anayelalia ubavu uleule wa kitanda.

Daktari Bhavsar analitaja neno. Nasema: kipandikizi.
"Kama mche?" Zamda anauliza. "Litaota?"
Navusha. Daktari anacheka, kisha hacheki.
Halioti. Ni parafujo ya titani,
urefu wake mbegu ya tikiti.
Tunaitia mfupani, tunashona ufizi, tunangoja
miezi mitatu, pengine sita.
Mfupa ndio utakaoamua kuikumbatia au kuikataa,
na mfupa haupokei hongo.
Wako umekonda tangu gego liondoke:
kisichotumwa kazi, mwili hukisahau.
Huenda tukaanza kwa kuutia kiraka.

Una sukari? Ilipimwa lini? Ilisoma ngapi?
Unameza dawa ya mifupa?
Unavuta?

Zamda ananitazama mimi.
"Mbili tu. Zamu ya usiku. Usimwambie."
Navusha zile mbili. Navusha na usimwambie.
Anafumba macho.
Samahani, dada. Ulimi huu leo si wangu.

Gharama imeandikwa kwa penseli, na serikali haimo.
Zamda anaigeuza kuwa zamu, kwa vidole:
thelathini na nne, bila kula.

"Na yale ya kubandika mbele, kama ya Nasoro?"
Nasoro, mtoto wa dada yake, alisafiri wiki moja,
akarudi na tabasamu jeupe kama friji.
Neno lake sina. Nasema kigae.
"Kigae cha bafuni?"
Nasema ganda. Ganda la kauri, jembamba kama ukucha.
Ili likae, jino huparwa kidogo,
na kilichoparwa hakirudi, si nywele hicho.
Baada ya miaka kumi, kumi na mitano,
ganda litapasuka au litabanduka,
utalipia jingine, na jingine, hadi uzeeni.
Na anayesaga meno usingizini atalivunja mapema.

"Nasoro hawakumpara," anasema Zamda. "Walimchonga.
Yamebaki vigingi.
Meno ishirini mazima, kosa lao rangi.
Sasa akinywa chai anashika ukuta."

Halafu, kwa sauti ya chini, si kwa yeyote:
"Jino la pembe si dawa ya pengo."

Hapo nilikwama.
Ndovu nilimvusha, na pengo nikalivusha,
methali yenyewe ikazama katikati.
Lakini daktari aliinua kichwa. Kweli, akasema,
si dawa. Ni mpangaji.
Titani haiozi; kinachooza ni nyumba.
Usipomsafishia chumba kila usiku,
ufizi utavimba, mfupa utamwachia,
atatoka na chuma chake.

"Ungekuwa wewe, dada?"

Kanuni ni moja.
Nikavusha: anauliza, ningekuwa mimi.
Daktari akageuka na taa yake ya kichwani,
ikaukuta mkono wangu pale unapokaa
mwaka wa tisa huu,
mbele ya mdomo, ninapocheka na nisipocheka.

Mwambie, akasema taratibu,
kutofanya kitu nako ni uamuzi.
Aichukue karatasi, akalale nayo.
Asisaini leo.

Nikamwambia. Sijui nilimwambia nani.

Kituo cha basi, mawe yamegeuka maji.
Zamda anatoa pakiti ya sigara, anaitazama,
anairudisha mfukoni; anachimba tena,
anatoa korosho nne, mbili zangu.
Basi linachelewa. Tunatafuna,
yeye kulia, mimi kushoto.