Sanduku Namba Arobaini na Moja

Ndege haikutua Jumatatu. Jumanne pia.
Jumatano tuliisikia juu ya mawingu,
ikazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala,
kisha ikarudi kusini na barua zetu tumboni.

Ngojangoja huumiza matumbo, ndiyo,
ila matumbo ya huku yameshazoea.
Saa nne kamili nafungua dirisha la posta,
nyuma ya duka la ushirika,
kati ya friji ya maziwa na rafu ya risasi,
na watu wanakuja vivyo hivyo, wakijua hakuna kitu.
Wanakung'uta theluji, wanaegemea kaunta,
wananiuliza, "Siasi, kuna nini leo?"
Nawajibu, "Kuna mimi."

Hatuna mitaa yenye majina.
Nyumba zina rangi, watu wana masanduku.
Kumi na saba, mwalimu: majarida asiyoyafungua.
Hamsini na mbili, binti wa Luukasi: nepi, kila mwezi nepi.
Thelathini huandikiwa na mahakama,
hupokea bahasha kwa ncha za vidole
kama aliyepewa kaa la moto.

Arobaini na moja ni la Akumalik.
Mwezi wa kumi aliagiza miwani.
Fomu nilimjazia mimi, mistari haikuwa ikimwonekania,
na palipoulizwa jina la mtaa akasema,
"Andika: nyumba inayotazama maji."
Nikaandika namba ya sanduku.
"Ikija," akasema, "nitaziona nyufa za barafu
kabla hazijaniona."

Nyufa hazikumwona.
Ulikuwa moyo tu, jikoni kwake, chai ikiwa bado ya moto.
Vijana walichimba siku mbili, ardhi ikiwa jiwe,
wakipokezana sururu moja.

Wiki tatu baadaye mbingu ikafunguka.
Desrosiers akateremsha magunia kumi na tisa
akiwa na glovu moja mkononi;
ya pili, alisema, imesafiri bila yeye.
Tukayavuta kwa pikipiki ya theluji hadi dukani.
Kulikuwa na vipuri, dawa za shinikizo,
gauni la harusi iliyokwisha kufungwa
bibi arusi akiwa ndani ya koti la shangazi yake,
na kijisanduku chepesi, nikakitikisa,
kikalia kidogo. Arobaini na moja.

Kanuni naijua hata nikiamshwa usingizini:
siku kumi na tano, mhuri, rudisha kilikotoka.
Siku ya kumi na nne nikakisukuma nyuma ya mizani.
Ya kumi na tano nikasahau tarehe,
mimi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili
nimegonga tarehe kwenye kila kitu
isipokuwa paji la uso wangu.

Kaukjak akaja siku ya kumi na nane
na samaki wakavu wa kumpelekea Tapisa, mjukuu, huko Ottawa.
Kifurushi kilinuka hadi kwenye maziwa.
Nikakizungushia plastiki mara tatu, na ya nne kwa heshima ya wapokeaji,
halafu nikakiweka kile kijisanduku mbele yake
bila kusema neno.

Alikikata kwa kisu cha kupasulia samaki.
Akaivaa. Ilikuwa pana, ikamteleza puani,
akairudisha kwa kidole gumba, kama alivyofanya mumewe na ile ya zamani.
Akanitazama kwa muda mrefu.
"Siasi," akasema, "kumbe umezeeka!"
Tukacheka mpaka muuza duka akaja kuchungulia.
Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Kisha akasoma kwa sauti matangazo yote ukutani,
bingo, chanjo, mafuta kupanda bei,
hadi la mbwa aliyepotea mwaka juzi,
ambaye sote tunajua analala kwa nani.

Akalipia samaki. Nikamsogezea daftari.
Huwa anatia sahihi popote, pembeni, juu ya jina la jirani.
Leo aliinama, akaishika miwani kwa mkono wa kushoto,
akaliweka jina lake juu ya mstari.